SHEREHE ZA THAILAND: MSAFIRI AENDE KAMA MGENI, ASIENDE KAMA MTAZAMAJI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu katika Chama chetu cha Kiswahili tulikuwa na mjadala uliowaka moto kweli kweli. Mada ilisema: "Sherehe za jadi zisigeuzwe kuwa maonyesho ya watalii." Waliounga mkono walidai kuwa watalii huharibu kila wanachokigusa. Waliopinga walijibu kwamba utalii huleta pesa, na sherehe isiyo na pesa hufa. Kengele ikalia kabla sijapewa nafasi ya kusema, na sisi wa shule ya kutwa mnatujua, kengele ya jioni ikilia kila mtu na njia yake. Kwa hiyo nimeamua kutoa maoni yangu katika kurasa hizi. Mfano wangu ni nchi ya Thailand, iliyo kusini mashariki mwa bara la Asia.

Mbona Thailand? Kwanza, ni mojawapo ya nchi zinazopokea watalii wengi sana duniani. Mwaka wa 2019 walifika karibu milioni 40. Pili, ni nchi yenye sherehe za jadi karibu kila mwezi. Tatu, wengi wa watalii hao hawaendi kwa ajili ya sherehe. Huenda kuogelea na kulala mchangani Phuket na Pattaya, halafu wananunua nguo Bangkok na kurudi kwao. Mimi naona hiyo ni hasara. Mchanga mweupe hata Diani upo. Mtu akipata bahati ya kufika Thailand mara moja tu maishani, na aende wakati wa sherehe. Waliosema asiyetembea hudhani mamake ndiye mpishi bora hawakukosea, lakini hata anayetembea anaweza kurudi bila kuonja chakula cha mtu.

Hata hivyo, sisemi kila sherehe inafaa. Nina kipimo changu, na ni swali moja tu: je, wenyeji wangeifanya sherehe hii hata kama hakuna mgeni hata mmoja aliyekuja? Kama jibu ni ndiyo, funga safari. Kama jibu ni la, hayo ni maonyesho, na maonyesho hata kwa televisheni unaweza kuyatazama.

Hebu tuanze na sherehe iliyo kubwa kuliko zote, Songkran, ambayo ni mwaka mpya wa jadi. Hufanywa tarehe 13 hadi 15 Aprili. Neno hilo lina asili ya Kisanskriti na maana yake ni kuhama, yaani jua linahama kutoka kundi moja la nyota kuingia kundi jingine. Tangu 1941 serikali yao huhesabu mwaka kuanzia tarehe 1 Januari kama sisi, lakini Songkran haikuachwa. Aprili ni mwezi wa joto kali. Mpunga umekwisha kuvunwa na mvua za kilimo bado hazijaanza. Basi kila jambo katika siku hizo ni maji.

Picha tunazoonyeshwa ni za vijana wenye bastola za maji wakirushiana maji katika barabara ya Khao San kule Bangkok, huku muziki umefunguliwa hadi mwisho. Ni furaha, sikatai. Nani asiyependa kummwagia mwenzake maji kwenye jua kali? Lakini ukidhani hiyo ndiyo Songkran yote, umeona matawi hukuona shina. Asubuhi watu hupeleka chakula kwa watawa wa Kibudha hekaluni. Sanamu za Budha huogeshwa kwa maji yenye manukato na maua. Wengine hubeba mchanga na kujenga vichuguu vya mchanga uani mwa hekalu. Sababu yake ilinifurahisha sana: mwaka mzima watu wakienda hekaluni hutoka na mchanga kwenye nyayo zao, kwa hiyo mwaka mpya ukifika wanaurudisha. Ni kama kulipa deni dogo ambalo hakuna mtu aliyekudai.

Jambo kubwa zaidi liko nyumbani. Wazee huketishwa kwenye viti, na watoto na wajukuu hupiga magoti mbele yao mmoja mmoja. Humimina maji ya maua polepole katika viganja vya mzee, humwomba msamaha kwa makosa ya mwaka uliopita, na mzee huwabariki. Tarehe 13 Aprili ni siku ya wazee katika taifa lao na tarehe 14 ni siku ya familia. Wafanyakazi wa Bangkok hujaa katika mabasi na magari ya moshi kurudi mashambani kwa wazazi wao. Mwenda kwao si mtoro, nao Wathai wanalijua hilo. Mnamo Desemba 2023 shirika la UNESCO liliitia Songkran katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mkutano wenyewe ulifanyika hapa hapa Afrika, katika mji wa Kasane, Botswana.

Sasa nirudi kwenye kipimo changu. Mtu anaweza kuuliza, tutajuaje wenyeji wangefanya nini bila wageni? Jibu ni kwamba jaribio hilo limekwisha kufanywa. Ugonjwa wa korona ulipoingia, mipaka ilifungwa. Mwaka wa 2021 watalii waliofika Thailand hawakutimia hata nusu milioni. Katika Songkran ya mwaka huo serikali ilipiga marufuku kurushiana maji barabarani pamoja na karamu za muziki. Lakini kuogesha sanamu hekaluni na kuwamiminia wazee maji mikononi kuliruhusiwa, na watu walifanya hivyo. Oneni basi, ndugu wasomaji. Ilipobidi kupunguza, walichopunguza ni bastola za maji, na walichobakiza ni mikono ya wazee. Hapo ndipo penye roho ya sherehe, na hapo ndipo msafiri anapotakiwa kufika.

Sherehe ya pili ni Loy Krathong. Hii hufanywa usiku wa mwezi mpevu wa mwezi wa 12 katika kalenda ya jadi ya Wathai, na kwa kawaida huangukia Novemba. Maana ya jina ni kuelesha kichombo cha majani. Kipande cha gogo la mgomba hukatwa mviringo, kikapambwa kwa majani ya mgomba yaliyokunjwa kwa ustadi, halafu maua, mshumaa na vijiti vya udi. Wengine hutia sarafu, na wengine hukata kucha na nywele kidogo wakaweka humo, eti mikosi iende na maji. Kisha mtu huchutama ukingoni mwa mto, hukiinua hadi kwenye paji la uso, husema maneno yake ya moyoni, na kukiachilia. Kwa wengi nia ni kumshukuru mama wa maji kwa maji waliyoyatumia mwaka mzima na kumwomba msamaha kwa kuyachafua.

Kumwomba maji msamaha! Nilipolisoma jambo hilo nilifikiria mito yetu ya mijini tunayoitupia kila uchafu, na hakuna hata siku moja tunayoiambia pole. Lakini Wathai nao wana kazi. Usione vyaelea, vimeundwa, na vikiisha kuundwa kuna mtu wa kuviokota. Mwaka wa 2023 wafanyakazi wa jiji la Bangkok waliokota zaidi ya krathong 600,000 baada ya usiku huo mmoja. Zamani nyingi zilitengenezwa kwa povu la plastiki lisilooza. Siku hizi watu wanahimizwa watumie mgomba, na karibu zote zilizookotwa mwaka huo zilikuwa za vitu vinavyooza. Kwa hiyo msafiri anayetaka kushiriki asinunue ya plastiki kwa sababu inang'aa. Anunue ya mgomba kwa mama anayeuza kando ya mto, na watu wa familia moja wanaweza kutumia moja tu. Nia moja inaweza kubebwa na chombo kimoja.

Usiku huo huo, kaskazini mwa nchi katika mji wa Chiang Mai, kuna sherehe ya Yi Peng. Tangu zamani watu wa huko hutundika taa za karatasi kwenye malango ya nyumba na mahekalu, na wengine hurusha taa angani. Taa hizo hutengenezwa kwa karatasi nyepesi na duara la mwanzi. Moto ukiwashwa chini, hewa ya ndani hupata joto na taa hupaa. (Walimu wa fizikia wataniunga mkono hapa.) Picha za maelfu ya taa zikipaa pamoja zimeenea duniani kote. Lakini nyingi kati ya picha hizo hupigwa katika viwanja vya nje ya mji ambako watalii huuziwa tikiti kwa maelfu ya baht, wanaketishwa kwa mistari na kuambiwa "sasa!" Hapo kipimo changu kinasema la. Isitoshe, taa hizo ni moto unaoruka bila dereva. Zikishuka zinaweza kuchoma paa la mtu, na kila mwaka ndege kadhaa hubadilishiwa saa au kufutwa kwa sababu yake. Ndiyo maana serikali huweka saa na mahali pa kuzirusha. Mimi ningemshauri msafiri aache tikiti hiyo, aingie mjini kwa miguu usiku ule, atazame malango yaliyowashwa taa na watawa vijana wakiwasha mishumaa uani. Hailipishwi hata senti.

Nikiulizwa sherehe ambayo kipimo changu kinaipa alama zote, nitajibu Phi Ta Khon ya mji mdogo wa Dan Sai katika mkoa wa Loei. Ni sherehe ya vinyago vya mizimu. Kofia ya kinyago ni kikapu cha mianzi cha kupikia wali wa kunata kwa mvuke, na uso huchongwa kutoka sehemu ya chini ya kuti la mnazi. Hupakwa rangi kali na kuwekewa pua ndefu iliyopinda. Vijana huvivaa pamoja na nguo za vipande vipande na njuga kiunoni, wakipita mitaani na kuwatania watu. Hadithi yao inasema kwamba mwana wa mfalme aitwaye Vessantara, ambaye ndiye Budha katika maisha ya awali, aliporudi kwao baada ya kukaa mbali muda mrefu, watu walipiga kelele za furaha hata wafu wakaamka kuja kumpokea.

Kinachonipendeza zaidi ni jinsi tarehe inavyopangwa. Haipangwi na ofisi ya utalii. Huamuliwa na wazee wa Dan Sai wenye kuongea na mizimu ya mji, na mara nyingi huwa Juni au Julai. Msafiri mwenye haraka hukasirika, ati kwa nini hawatangazi mapema ili akate tikiti ya ndege. Basi angoje! Aliyealikwa harusini hampangii bwana arusi siku. Halafu kuna jambo jingine. Sherehe huchukua siku tatu. Siku za vinyago watu hujaa tele. Siku ya tatu wenyeji huketi hekaluni kusikiliza mahubiri 13 ya kisa cha Vessantara, mtu ambaye alitoa kila alichokuwa nacho. Hakuna kelele siku hiyo. Lakini vinyago vyote vile vilikuwa vikimleta mtu kwenye mkeka huu. Mgeni anayeondoka siku ya pili ni kama mtu aliyekula pilau akatoroka kabla ya nikaha kusomwa.

Huko huko kaskazini mashariki, katika mji wa Yasothon, mwezi wa Mei kuna sherehe ya maroketi iitwayo Bun Bang Fai. Wakulima wa sehemu hiyo hutegemea mvua kupanda mpunga. Kwa imani yao ya kale, mungu wa anga, Phaya Thaen, anahitaji kukumbushwa kuleta mvua, na ukumbusho wenyewe ni roketi ya baruti. Kuna roketi zinazojazwa baruti kilo 12, na kuna kubwa za kilo 120. Roketi ikipaa vizuri, kijiji chake hucheza ngoma. Ikikataa kupaa, waliotengeneza hutupwa kwenye matope huku watu wakicheka. Lakini si mchezo wa watoto. Mwaka wa 1999 roketi kubwa ililipuka huko Yasothon ikaua watu. Kwa hiyo msafiri asimame pale anapoambiwa asimame, hata kama picha nzuri iko upande wa pili wa kamba.

Julai ikifika, twende Ubon Ratchathani kwenye sherehe ya mishumaa. Huu ni mwanzo wa miezi mitatu ya mvua ambapo watawa hukaa mahali pamoja bila kusafiri. Inasemekana desturi hiyo ilianza zamani kwa sababu watawa waliotembea wakati wa mvua walikuwa wakikanyaga miche ya wakulima. Watu waliwapelekea mishumaa ili wapate mwanga wa kusomea usiku. Sisi tunaosoma kwa taa ya mafuta stima zikipotea tunaielewa zawadi hiyo vizuri. Siku hizi mishumaa imekuwa mikubwa ajabu, na nta huchongwa sanamu za wafalme na wanyama wa hadithi zinazobebwa kwenye malori. Ushauri wangu ni msafiri afike siku kadhaa kabla ya maandamano, azunguke kwenye nyua za mahekalu ambako watu wa mtaa huchonga nta pamoja, wazee na vijana. Maandamano hupita kwa saa chache, lakini kazi ile imewaunganisha watu kwa muda mrefu.

Iko sherehe moja ambayo sisi vijana inatuhusu zaidi, nayo ni Poi Sang Long ya watu wa Tai Yai katika mkoa wa Mae Hong Son, karibu na mpaka wa Myanmar. Hufanywa mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Wavulana wa miaka kama 7 hadi 14 huvalishwa kama wana wa mfalme kwa hariri, vito na maua kichwani, nyuso zikapakwa rangi. Kwa siku tatu hawaruhusiwi kukanyaga ardhi wanapotembezwa. Hubebwa mabegani na baba, wajomba na jamaa. Wanafanya hivyo kumkumbuka mwana wa mfalme Siddhartha, ambaye aliacha anasa za ikulu akawa Budha. Mwisho wa yote, yale mavazi mazuri huvuliwa, mvulana huvaa joho la mtawa, kichwa chake kikiwa kimenyolewa, na huingia hekaluni kusoma. Jamani, fikirini! Unatukuzwa siku tatu ili ujue unachokiacha ni kitu gani. Mtalii aliyeona hariri tu, asione joho, ameona nusu isiyo na maana.

Kusini nako, Phuket, kile kisiwa cha watalii wa baharini, kuna sherehe ambayo wengi wao hawaijui. Ni siku tisa za kutokula nyama, mwezi wa Septemba au Oktoba, inayofanywa na watu wenye asili ya Kichina. Mapokeo yao yanasema ilianza mwaka wa 1825 katika mtaa wa Kathu, palipokuwa na wachimba madini ya bati. Kikundi cha waigizaji kutoka China kilipatwa na ugonjwa, wakaacha nyama na kuomba, wakapona. Magazeti hupenda kuonyesha wale waliopandwa na roho wakijidunga vyuma mashavuni. Inatisha, lakini si kitu cha kuchekelea. Wenyeji wa kawaida huvaa nguo nyeupe, huacha nyama, pombe na ugomvi kwa siku zote tisa, na vibanda vyenye bendera za manjano huuza chakula kisicho na nyama. Mgeni anaweza kujiunga kwa urahisi. Avae nyeupe, ale wanachokula, afunge mdomo wake usiseme mabaya. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu!

Sasa nije kwa zile zinazoshindwa na kipimo changu. Huko Lopburi karamu ya nyani ilianza mwaka wa 1989. Matunda yalipangwa mezani karibu na hekalu la kale, nyani wakala watu wakapiga picha. Ilianzishwa ili kuvutia watalii. Nyani wa mji ule wakazidi kuwa wengi na wakorofi, wakinyang'anya watu chakula barabarani, hata mwaka wa 2024 serikali ikaanza kuwakamata na kuwafungia kwenye vizimba. Ukimzoesha mnyama kula mkononi mwa mgeni, mgeni akiondoka anayebaki na taabu ni mwenyeji.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na hapa nitakuwa mkweli. Maonyesho ya ndovu ya Surin, ambayo hufanyika Novemba, yalianza 1960, nayo yalilenga wageni tangu mwanzo. Kwa kipimo changu yanaanguka. Wapo pia wanaolalamika kwamba ndovu huteswa wanapofundishwa michezo. Lakini mwaka wa 1989 Thailand ilipiga marufuku ukataji wa miti ya misitu kwa biashara, na ndovu waliokuwa wakivuta magogo wakakosa kazi pamoja na wachungaji wao. Watu wa Kuy wa Surin wameishi na ndovu tangu enzi za mababu, na ndovu mmoja hula chakula kingi kuliko darasa zima. Sasa nani atamlisha? Waliopinga mada yetu wana hoja hapo. Pesa za mgeni si dhambi. Jibu langu ni kwamba kipimo hiki ni cha msafiri kuchagulia safari, si cha kumhukumu mwenyeji anayetafuta riziki. Msafiri akienda Surin, na aende akijua anatazama maonyesho, na achague kuwaona ndovu wakila na kuoga badala ya kulipia wacheze mpira.

Najua yapo maswali mawili. La kwanza: "Wewe umefika Thailand lini?" Sijafika. Hata Mombasa sijafika. Haya nimeyapata katika vitabu na vipindi, na kwa kuwauliza walimu. Lakini adabu ya mgeni haihitaji pasipoti. Sote tumewahi kwenda kwa watu na sote tumewahi kutembelewa, kwa hiyo tunajua mgeni mwema ni yupi na mgeni msumbufu ni yupi.

La pili ni zito zaidi: "Hizo ni ibada za dini nyingine. Mkristo au Mwislamu ataendaje huko?" Ninaliheshimu swali hilo, na kila mtu amsikilize mzazi wake na dhamiri yake. Methali husema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mimi sisemi ulivunje, nasema uliinamishe tu. Hakuna anayemlazimisha mgeni kuabudu. Kuvua viatu mlangoni si kuabudu. Kufunika mabega na magoti hekaluni si kuabudu. Kummiminia bibi kizee maji ya maua mikononi naye akakutakia heri, hiyo kwa maoni yangu ni heshima tupu, na heshima haina dini.

Basi anayekwenda ashike machache haya. Asimrushie maji mtawa, mzee wala mtoto mchanga. Asimguse mtu kichwani, kwa maana kwa Wathai kichwa ni kitukufu, wala asielekeze nyayo zake kwenye sanamu ya Budha. Mwanamke asimguse mtawa. Asimpige mtu picha akiwa katika maombi bila kuomba ruhusa. Na wakati wa Songkran asiendeshe pikipiki, hasa akiwa amelewa, kwani karibu kila mwaka katika siku saba za msongamano huo zaidi ya watu 200 hufa barabarani. Sherehe ya kuwaombea wazee maisha marefu isiwe ya kuwazika vijana.

Mambo haya hayako mbali nasi kama tunavyodhani. Kule Makunduchi, Unguja, kuna Mwaka Kogwa, maana yake kuoga mwaka. Wanaume hupigana kwa magogo ya migomba kumaliza kinyongo cha mwaka, na kibanda huchomwa moto. Huko nako nyumba iliyokosa mgeni siku hiyo huonekana haina bahati. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema Waswahili, nami sijui kama tunaisikiliza methali hiyo vizuri. Haisemi mgeni njoo utazame. Haisemi mgeni njoo ulipe. Inasema mwenyeji apone, yaani mgeni akiondoka, mwenyeji awe katika hali njema kuliko alivyokuwa.

Kwa hiyo yeyote kati yenu atakayejaliwa kusafiri siku moja, awe rubani, mfanyabiashara au mwalimu, kabla ya kulipa nauli ajiulize swali langu: wangeifanya bila mimi? Wakiwa wangeifanya, basi aende, aketi mahali atakapoonyeshwa, na abaki hadi siku ya mahubiri, vinyago vikiwa vimekwisha kuwekwa chini.

Wasalaam.